Kiwanja cha wazi cha mtaa: kijengwe apatimenti au kibaki hivyo hivyo? Tujadili

Kandambili:
Wakuu habari za leo. Mtaani kwetu (sitautaja, ila ni huku kulikopimwa miaka ya 70 kwenye ule mradi wa viwanja wa Benki ya Dunia, watu wa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni wananielewa) kuna kiwanja cha wazi kimoja ndo kimebaki, vingine vyote vilishageuka baa, gereji na yadi za magari. Wiki iliyopita wamekuja vijana na mabati wamezungushia nusu, tunaambiwa kuna mwekezaji anajenga apatimenti ghorofa nane na kwamba matumizi ya eneo yalishabadilishwa zamani tu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona tangazo. Hapo ndo watoto wanacheza chandimu, ndo tunafunga turubai tukifiwa, swala ya Idd inasaliwa hapo, na ile miembe ndo kivuli pekee mtaa mzima. Kuna wanaosema acheni maendeleo yaje, Dar ina watu milioni tano na ushee walale wapi. Mi nasimama na kibaki wazi, lakini nataka kusikia na wengine mnasemaje.

Toroli:
Mkuu kwani hao milioni tano watalala juu ya miembe? Kila siku tunasikia nchi ina upungufu wa nyumba milioni tatu, akija mtu wa kujenga mnazungusha mikono kichwani. Na nikwambie ukweli ambao hutaupenda, nenda kwenye hiyo mikutano ya kupinga uwaangalie sura, wapiga kelele wengi ni wapangaji. Mtu mwakani yupo Mbagala au Goba huko, leo anakupangia ardhi ya mtaa itumike vipi. Wenye nyumba wenyewe wametulia maana wanajua ghorofa likisimama hapo viwanja vyao vinapanda bei.

Binti Uzaramo:
Nyumba zinahitajika, hilo halina ubishi, ila mbona jibu liwe kwenye kiwanja cha watoto wakati kuna nyumba za chini kibao zimekaa kwenye ardhi ya katikati ya mji? Angalieni Magomeni Kota. Zile kaya 644 zilikuwa kwenye nyumba za zamani za chini, zikavunjwa, pakasimama maghorofa na wale wale wakarudishwa, Rais Samia kazindua Machi 2022. Ilichukua miaka na watu walihangaika sana, sikatai, lakini hakuna uwanja uliomezwa pale. Kama mwekezaji anataka ghorofa nane akae na wenye nyumba kumi wakongwe waunganishe viwanja vyao wagawane fleti, kila mtu anapata.

Chachandu:
Toroli umenigusa pabaya. Mi ni mpangaji na sijifichi. Wanangu wote wawili wamezaliwa kwenye chumba hicho hicho, wamesoma shule ya msingi ya hapo hapo, baba yao alipofariki turubai lilifungwa kwenye kiwanja kama anachokisema Kandambili. Mwenye nyumba wangu anaishi Mwanza, mara ya mwisho kukanyaga hapa sikumbuki, kodi anatumiwa kwenye simu. Sasa niambie kati yangu na yeye nani anaujua mtaa? Mwenye nyumba ana ua, ana baraza, ana geti, mtoto wake atachezea ndani. Wangu atachezea wapi, barabarani kwenye bodaboda?

Toroli:
Dada povu la nini, sijakutaja. Nimesema wapangaji wengi. Na ukweli unabaki, asiye na hati hana uchungu na ardhi.

Chachandu:
Uchungu unaupima kwa karatasi?

Baba Neema:
Hapa Toroli amechemka aisee. Mi mwenye nyumba, nina hati, na ndo wa kwanza kupinga apatimenti kwetu. Thamani gani itapanda wakati mashimo ya choo ya ghorofa nane yanamwagikia kwangu? Hii mitaa ilipimwa kwa nyumba za chini, kila mtu na shimo lake. Leo unaleta familia arobaini kwenye kiwanja kimoja, gari la kunyonya linapita wapi, maji yanatoka wapi. Mgao wenyewe tunaujua.

Mzee wa Bikoni:
Wanangu salaam. Nimefanya kazi za upimaji mpaka nimestaafu, niseme mawili. Kwanza hii habari ya mpangaji na mwenye nyumba kwenye mkutano mkuu wa mtaa haipo. Anayehudhuria ni mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, haulizwi hati wala mkataba wa pango. Pili, eneo likichorwa la wazi kwenye mchoro wa mipango miji haligeuki kwa mtu kuleta mabati. Ipo Sheria ya Mipango Miji namba 8 ya 2007, kubadili matumizi kuna taratibu zake na wananchi wanapaswa wajulishwe ili mwenye pingamizi aweke pingamizi. Sasa Kandambili, hoja yenu isiwe miembe. Hoja iwe mchoro. Nendeni mkaombe mchoro mjue pale pameandikwaje, na kama ulibadilishwa ulibadilishwa lini na nani aliomba.

Kifuu:
Mzee shikamoo. Mi nataka nitoe upande ambao hakuna anayeusema humu. Nyumba yetu imepakana na kiwanja cha wazi, si hicho ni kingine. Mnaimba kijani kijani, njooni mlale kwangu Jumamosi moja. Kigodoro, hizi ngoma za usiku za mtaani, mpaka saa kumi alfajiri, spika zimeelekezwa dirishani, mama yangu ana presha. Asubuhi mateja wamelala chini ya huo mnayouita kivuli, sindano zimezagaa, watoto hawawezi kupita. Taka mtaa mzima unamwaga hapo usiku usiku. Akija mtu kujenga nitamsaidia kubeba matofali.

Ngarawa:
Kigodoro si kosa la kiwanja, ni kosa la serikali ya mtaa kutoa kibali.

Kifuu:
Kibali wanapewa kwa shughuli ya mtoto kutoka arobaini, saa nne usiku imeisha, muziki unaendelea. Umewahi kuishi karibu au unasikia kwa mbali?

Ngarawa:
Nimeishi Manzese hadi naoa, usinifundishe kigodoro. Ninachosema ukijenga hapo kigodoro kitahamia barabarani na hutapita kabisa.

Mama Sabuni:
Jamani vigodoro vipigwe marufuku tu, watoto wa kike wanaharibika.

Baba Neema:
Mama Sabuni na watoto wa kiume je? Kila kitu mtoto wa kike.

Mama Sabuni:
Nimesema ninachokiona mtaani kwangu kaka, wewe sema cha kwako.

Kandambili:
Wakuu turudi kwenye kiwanja tafadhali. Mzee wa Bikoni asante sana, ushauri wa mchoro tunaufanyia kazi.

Ngarawa:
Kuna jambo moja kubwa halijasemwa, maji. Ardhi yenye majani inakunywa mvua, zege halinywi. Kila mtaa wa zamani hapa mjini umejaza seruji mpaka mlangoni, mvua ya nusu saa tu mtaro umefurika. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wa Bonde la Msimbazi walivyohamishwa baadaye kwenda Mabwepande? Juzi juzi tena watu wa bondeni wamelipwa waondoke ili mradi wa Bonde la Msimbazi ufanyike, na katika huo mradi wanasema itatengenezwa bustani kubwa ya jiji. Yaani huku serikali inakopa mabilioni kununua nafasi ya maji kupita na watu kupumua, kule juu mtaani nafasi iliyopo bure tunaijengea. Maji ya kwenu nyie wa juu yanatelemka kwa nani? Kwa wa bondeni.

Toroli:
Bonde ni bonde na mtaa ni mtaa. Sheria ya kutojenga ndani ya mita sitini inahusu mito, haihusu kiwanja cha chandimu.

Ngarawa:
Sijataja mita sitini.

Toroli:
Ulikuwa unaelekea huko.

Wa Githurai:
Nawasoma nikiwa Nairobi. Huku tulipitia haya na msitu wa Karura, miaka ya tisini mwishoni vipande vilishagawiwa watu binafsi wajenge manyumba, Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti hapo, Januari 1999 wakapigwa na majamaa wa kukodiwa mpaka akashonwa kichwa. Leo msitu uko na watu wanakimbia humo kila asubuhi. Ungeachwa ungekuwa mageti tupu. Msiache hayo mabati yakae, yakikaa mwezi mmoja watu wanazoea.

Toroli:
Karura ni msitu wa serikali wa ekari elfu mbili na zaidi, unalinganisha na kiwanja cha magoli ya mawe? Halafu nyie wenzetu mnaingia bure humo? Nasikia kuna tiketi getini.

Wa Githurai:
Tiketi iko ndio. Lakini kiko cha kuingia, ndugu.

Binti Uzaramo:
Naona hakuna anayetaka kujibu hoja ya Magomeni. Narudia, mwenye kutaka kuongeza nyumba aanze kwenye ardhi ambayo tayari ina nyumba.

Fundi Jipsamu:
Ngoja niulize. Hivi Toroli wewe sio yule dalali? Maana unavyotetea hili ghorofa kama kuna chumba umeshakipangisha.

Toroli:
Ndiyo mi ni dalali, kazi halali, nalisha familia. Ndo maana naongea kitu nakijua. Kila siku napokea simu ishirini za watu wanatafuta chumba na sebule karibu na mwendokasi na hakuna. Nyie mmeshajipatia pa kulala ndo mnaongelea vivuli. Kijana aliyemaliza chuo anakaa Chanika anaamka saa kumi usiku awahi kazi Posta, yeye hana haki?

Chachandu:
Na huyo kijana wa Chanika ghorofa nane ya mwekezaji ataiweza? Apatimenti zote zilizojengwa huku kwetu miaka hii zinataka kodi ya mwaka mkupuo, nyingine walikuwa wanataja kwa dola. Unampangishia nani, si wale wale? Afu na wewe dalali unachukua kodi ya mwezi mzima kwa kuonyesha mlango.

Toroli:
Mwezi mmoja ndo utaratibu, sikuuanzisha mimi. Na nikikuzungusha siku tatu juani nyumba tano mafuta ya bodaboda unalipa wewe?

Fundi Jipsamu:
Hela ya kuonyeshwa nayo unachukua, hata mtu asipopenda nyumba.

Toroli:
Kwa hiyo kazi yangu ndo imejaza taka kwenye kiwanja cha Kandambili? Mjadala wa kiwanja mmeugeuza wa madalali. Nimeuliza swali moja la kijana wa Chanika na aliyenijibu ni mmoja tu, tena kwa hasira.

Mzee wa Bikoni:
Swali la kijana ni zuri, Toroli, usikasirike. Ila nikukumbushe, hii mitaa tuliyoipima haikuachiwa viwanja vya wazi kwa anasa. Ilionekana viwanja vya nyumba ni vidogo, watu wa kipato cha chini, kwa hiyo ua wa pamoja ukawekwa nje. Mama Tibaijuka alipokuwa Waziri wa Ardhi alivivalia njuga hivi viwanja vya wazi, watu wakavunjiwa kuta, akaondoka na mambo yakarudi yale yale. Kinachouma ni kwamba wenye ua wao ndani ndio wa kwanza kuugawa huu wa nje.

Kandambili:
Wakuu nina taarifa. Leo tumeenda watu sita ofisini, tumeonyeshwa muhtasari wa kikao unaosema wakazi waliridhia ujenzi. Umeambatanishwa karatasi ya mahudhurio. Tukaisoma jina kwa jina. Ni mahudhurio ya kikao cha taka cha mwaka juzi, nakikumbuka, tulipanga gari la taka lipite siku gani. Sahihi yangu ipo. Na waliosaini wengi ni wapangaji maana ndio wanaohudhuria vikao.

Chachandu:
Toroli njoo usome hapo. Sahihi ya mpangaji inafaa kukitoa kiwanja, kukikataa haifai?

Toroli:
Hilo la muhtasari kama ni kweli ni uhuni, siungi mkono. Lakini hoja yangu ya nyumba iko pale pale.

Mzee wa Bikoni:
Kandambili, msiondoke na maneno. Andikeni barua kuomba nakala ya muhtasari na ya mchoro, barua ipokelewe kwa muhuri, nakala moja kwa mkurugenzi na nyingine kwa mkuu wa wilaya. Itisheni mkutano mkuu wa mtaa, mkatae kwa muhtasari mwingine wenye tarehe na ajenda iliyoandikwa wazi juu.

Kifuu:
Na mkishinda? Mabati yakitoka mateja wanarudi. Nani anaweka taa, nani anamlipa mlinzi? Hapo ndo mtu kama mimi mnampoteza, kupinga mnakuja wote, kufagia hamji.

Kandambili:
Kifuu uko sahihi kabisa. Tumependekeza kila nyumba itoe elfu mbili kwa mwezi, taa mbili za sola na mlinzi wa usiku, na hakuna muziki kuvuka saa nne.

Baba Neema:
Kila nyumba au kila kaya? Mi nyumba yangu nakaa na mke wangu na Neema, jirani ana vyumba kumi na viwili vya wapangaji, tunatoaje sawa?

Chachandu:
Kaya. Sisi tutatoa.

Mama Sabuni:
Mwenye nyumba atoe, anapokea kodi bhana, mpangaji umeme anachangia, maji anachangia, leo tena taa ya kiwanja?

Baba Neema:
Sasa mama Sabuni mpangaji si ndo tumesema ana haki sawa?

Mama Sabuni:
Haki sawa, kipato si sawa. Weka elfu moja kwa kaya na wenye nyumba elfu tano, uone kama kuna atakayegoma.