Mjadala: Mwigizaji akishafariki, vipindi vyake virudiwe au vifungwe?

Mwanzisha mada (Mombasa)

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Naleta hoja hii nikijua itatugawa, maana hata nyumbani kwetu imeshatugawa.

Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wetu wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, alifariki tarehe 12 Julai 2015. King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, ambaye sisi wa Mombasa hatujawahi kumhesabu mgeni, alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Charles Bukeko, yaani Papa Shirandula, akafariki tarehe 18 Julai 2020. Wote watatu wangali majumbani mwetu. Ukiwasha tivii, ukifungua simu, ukipanda matatu yenye skrini, Ojwang' bado agombana na Mama Kayai, Papa bado amficha mkewe kwamba kazi yake ni usoja, kulinda lango. Watoto waliozaliwa baada ya mazishi yao wawaiga mpaka sauti.

Shangazi yangu wa Kibokoni hataki. Akiiona sura ya marehemu kwenye kioo huinuka akazima, asema maiti apumzishwe. Mpwa wangu naye asema mtu aliyefanya kazi miaka thelathini alitaka kazi hiyo ionekane, na kuifungia kabatini ni kumdhulumu.

Mimi nasema virudiwe, lakini si bure. Kipindi cha marudio ni biashara. Katikati yake huwekwa tangazo la sabuni, la unga, la benki, na anayekirusha hupata. Mwigizaji wa kwetu, kwa mazoea, hulipwa kwa siku ya kurekodi au kwa kipindi, kisha basi. Kipindi kikirudiwa mara mia, yeye alilipwa mara ile moja. Na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya picha na sauti kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipotolewa. Kipindi kilichotoka 2010 kina mwenyewe mpaka mwisho wa 2060, na huyo mwenyewe mara nyingi ni stesheni au kampuni iliyotengeneza. Ndiye atakayevuna miaka yote hiyo huku watoto wa marehemu wakimtazama baba yao bure kama mimi na wewe.

Kuna pahali mambo huenda vingine. Marekani, waigizaji waligoma mwaka 1960 wakidai sehemu ya pesa filamu zao zinapooneshwa kwenye televisheni. Hadi leo mgao huo huendelea hata mtu akifa, ukaenda kwa warithi. Matthew Perry wa Friends alifariki tarehe 28 Oktoba 2023. Dunia ikirudia kile kipindi, mirathi yake ina fungu. Mzee Ojwang' wetu, aliyechekesha nchi miaka na miaka, macho yalipomsumbua wananchi walichangishana ili atibiwe. Waliochanga Mungu awalipe. Lakini kwa nini ilihitajika harambee?

Semeni yenu. Tusitukanane.

Ummu, Majengo

Waaleikum salaam. Mwanangu, umeanza na pesa. Mimi nitaanza na mjane.

Mume wangu hakuwa wa tivii. Alikuwa mtu wa harusi, akishika maikrofoni kwenye shughuli, watu wakimrekodi. Alipofariki nikakaa eda, miezi minne na siku kumi kama tulivyoamrishwa. Nyumba ya pili wakawa na kanda ya harusi ambayo yeye ndiye aliyeiongoza. Hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wakimkumbuka. Lakini mimi nikiwa ndani, sitoki, sijipambi, nasikia sauti yake ukutani akiwachekesha watu, kisha wale watu wacheka. Sikuweza kulala. Nilimtuma mtoto aende akawaombe, wakazima, na mpaka leo nawashukuru.

Sasa huyu mke wa mwigizaji atamtuma mtoto kwa nani? Nchi nzima imewasha. Siku hiyohiyo ya msiba stesheni hutoa vipande vya kuchekesha, asubuhi mpaka usiku, wasema ni kumuenzi. Kumuenzi si kubaya. Lakini mbona hawangoji? Mimi nataka wangoje eda imalizike. Asiye Muislamu nyumbani kwake wana desturi yao, basi waulizwe wao watakacho. Hilo la pesa lije baadaye, sina ugomvi nalo.

Kijana wa Bondeni

Ummu, umesema kweli, na mimi naenda mbele zaidi. Kuna hadithi tunayoifundishwa tangu chuoni, ameipokea Muslim: mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa mambo matatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea dua. Kichekesho hakimo. Kama ndani ya kipindi mna matusi au mambo ya aibu, twamuongezea marehemu mzigo asioweza kuutua.

Angalieni Mzee Yusuf. Mwaka 2016 aliacha taarab kwa ajili ya dini, kisha miaka michache baadaye akarudi jukwaani. Mtu akiwa hai ana nafasi ya kuacha na ya kurudi. Maiti hana. Kwa hivyo sioni haki yetu ya kumpandisha jukwaani kila jioni.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Bondeni, mfano wako naupokea, ila mimi naufikisha pengine. Kama maiti hawezi kubadili nia, basi nia tunayoijua ni ile aliyofariki nayo. Mwigizaji aliyekuwa kazini mpaka maradhi yakamshinda, aliyeenda kurekodi kwa hiari yake, ametuambia alitaka nini. Yule aliyetangaza akiwa hai kwamba ameacha na hataki kazi zake zioneshwe, huyo aheshimiwe, hata kama mkataba unairuhusu stesheni. Tena sikubali kwamba hakuna elimu mle. Vioja Mahakamani kilimfundisha bibi yangu kwamba mshtakiwa ana haki ya kujitetea, na bibi hakukanyaga shule hata siku moja.

Ummu, hilo la eda nalichukua lilivyo. Sikuwahi kusikia stesheni ikiulizwa swali hilo, na yafaa iulizwe.

Fundi wa kanda, Mwembe Tayari

Nitasema la kazi yangu. Mimi nahamisha kanda za zamani za video kuziingiza kwenye faili, nyingi ni za harusi na maulidi. Hewa yetu ya Pwani ina unyevu, kanda ikikaa yaota ukungu mweupe pembeni, na ile iliyokaa miaka mingi bila kuchezwa utepe wagandana, ukiulazimisha wachanika. Za stesheni huenda zatunzwa vizuri kuliko za kabatini kwa watu, lakini utepe ni utepe.

Watu huniletea kanda wakitaka kuitazama tena. Sijaona mtu akaleta kanda asiyotaka kuitazama, ati aihifadhi tu. Mkivifunga vipindi kwa heshima ya maiti, baada ya miaka ishirini hapatakuwa na kipindi cha kubishania. Vile vya zamani vya VOK, stesheni ya taifa kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, kila kimoja kinachooneshwa leo ni kwa sababu mtu alitaka kukiona tena akafanya bidii kukihamisha.

Kisauni Moja

Nyinyi mwazungumza stesheni. Nani atazama stesheni? Vijana waona vipande vya nusu dakika kwenye simu, vimekatwa na mtu asiyejulikana, amebandika jina lake juu, na pesa za matangazo zaenda kwake. Huyo mtamtoza vipi?

Mwigizaji wa jukwaa, Tudor

Nimesubiri niseme kwa utulivu. Mimi ni muigizaji. Nimeanzia jukwaani, nikapata nafasi kwenye tamthilia ya televisheni, jina lake silitaji. Siku ya kwanza nilipewa karatasi kurasa mbili, nikaambiwa sahihi hapa, gari la seti linangoja. Ndani mlikuwa na mstari mmoja: kampuni itakuwa na haki zote, mahali popote, kwa muda wote. Nilisahihi. Nilikuwa na kodi ya nyumba, na nyuma yangu palikuwa na wengine kumi waliokuwa tayari kusahihi.

Tamthilia hiyo imerudiwa. Majirani hunipongeza, "tumekuona jana!" Jana nilikuwa nyumbani nimekaa.

Mwanzisha mada, nakuunga mkono, lakini mada yako imeanzia kaburini. Mbona mnatungojea tufe? Mrithi hurithi alichokuwa nacho marehemu. Kama mimi niliye hai sina haki ya marudio kwenye mkataba, mwanangu atarithi nini? Huko Marekani unakosema, waliogoma 1960 walikuwa hai, na walikuwa na chama kimoja chenye nguvu. Sisi tuna chama cha kukusanya mirabaha ya watendaji, wa muziki na waigizaji pia, lakini wenzangu wengi hawajajiandikisha, wengine hawajui kwamba muigizaji naye anahusika. Sasa hivi Pwani ina kazi. Tamthilia ya Sultana ilipoanza mwaka 2022 nchi nzima ilisikia lafudhi yetu sebuleni kila jioni. Vijana wa Likoni na Mtwapa waenda kwenye usaili kwa wingi. Wakisahihi karatasi kama yangu, miaka arobaini ijayo mtaleta mada hiihii hapa.

Na Ummu, mimi nataka mke wangu aulizwe. Hilo hata mimi sikuwa nimelifikiria.

Mwanzisha mada

Hapo ndipo penyewe, ndugu wa Tudor. Deni la maiti hudaiwa kabla ya urithi kugawanywa, na anachowadai watu nacho ni mali yake. Kungekuwa na mstari wa marudio kwenye mkataba, hata asilimia ndogo, mirabaha ingeingia kwenye mirathi kama kodi ya nyumba, na kwa familia ya Kiislamu Mahakama ya Kadhi ingeigawa kama igawavyo shamba. Mstari usipokuwepo, Kadhi hana cha kugawa.

Kisauni Moja, yule wa vipande vya simu ni mgumu, sikatai. Lakini mwenye hakimiliki akilalamika kwenye mtandao husika kipande huondolewa, au matangazo yake huelekezwa kwake. Stesheni hufanya hivyo pale zinapotaka. Kwa hiyo pesa zinaweza kufuatwa. Tatizo ni kwamba zikishapatikana zinaishia kwa stesheni, tunarudi kwenye mkataba uleule.

Kijana wa Bondeni

Kwenye mkataba tuko pamoja. Dhulma ya ujira ni haramu, hilo halina mjadala. Kwenye kurudia bado sijakubali, hasa vipindi vyenye mambo ya aibu. Nawaomba wenye familia waseme pia, si watazamaji peke yetu.

Ummu, Majengo

Nami nasema kila mtu aulizwe. Pesa kwa mjane si jambo dogo, mwanangu, watoto wala. Lakini aulizwe kwanza, na angojewe.

Mwanzisha mada

Nimesikia, Ummu. Basi waigizaji mlio humu, wa Mombasa, Kilifi, Kwale, hata mlioko Nairobi: toeni mikataba yenu muisome usiku huu. Kama kuna mliye na mstari unaotaja marudio, au unaotaja warithi, andikeni hapa ulivyoandikwa, bila jina la kampuni. Ndugu wa Tudor, anza wewe: ule mstari wa "kwa muda wote", baada yake kuna lolote kuhusu malipo, au unaishia hapo?