Mgeni wa kujitolea anakuja kukaa kwangu Tandale, nimwandae vipi?

Mama wa Tandale: Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Binti kutoka Ujerumani anakuja kukaa kwangu mwaka mzima, atashirikiana na kikundi chetu kuzibua mifereji kabla ya masika. Choo changu ni cha kuchuchumaa, tunaoga kwa ndoo. Natamani sana ajisikie nyumbani.

Jirani wa Manzese: Hongera dada. Muulize kuhusu kibali cha ukaazi, wanaojitolea hupewa daraja C. Kisha mpeleke serikali ya mtaa, na mjumbe amfahamu.

Bibi Temeke: Mwanangu, usimpikie chakula chake peke yake. Ale ugali, dagaa na mchicha pamoja na wanao, ndivyo atakavyozoea. Maji ya kunywa tu ndiyo uchemshe. Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo mfereji asiuingie bila buti na mikono mirefu.

Mama wa Tandale: Ahsanteni mno. Kinachoniumiza ni matope: tunayatoa, yanaachwa kandoni, mvua ya kwanza inayarudisha mferejini. Kabla hajashika koleo, nitamkalisha na kina mama wa kikundi tupange nani atalipia gari la kuyabeba.