Nesi kutoka Ukerewe kuhamia Mwanza mjini kwa mshahara uleule: amepanda au ameshuka?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni nesi wa digrii, mwaka wa nane kazini. Sita ya kwanza niliimaliza kwenye zahanati moja kisiwani Ukerewe, hii miwili niko Mwanza mjini. Nilihama kwa kubadilishana na mwenzangu aliyekuwa anatafuta njia ya kurudi kwao kisiwani, kwa hiyo gharama zote zilikuwa zangu. Posho ya uhamisho ni ya anayehamishwa na mwajiri. Ukiomba mwenyewe, kitanda chako utakibeba mwenyewe. Hilo nililijua mapema na silalamikii.

Ninachotaka tujadili ni hiki. Serikali inatulipa kwa ngazi, kwa sisi wa afya zinaitwa TGHS. Wa cheti anaanzia TGHS A, wa diploma B, wa digrii C. Hiyo ngazi haiulizi uko Nyamagana, katikati ya jiji, au Ukara, kisiwa kidogo cha Ukerewe. Siku nafunga mizigo Nansio, huko Ukerewe, kila mtu alinipongeza, "nesi umetoka porini, sasa utapumua." Nimepumua nini?

Kule nilikuwa na nyumba ya mtumishi, hatua mia mbili kutoka zahanati. Nilikuwa naenda kazini na kandambili, viatu vyeupe nikiviacha chini ya meza ya chanjo. Nyuma ya nyumba nilipanda mihogo. Samaki sikumbuki mara ya mwisho kununua kwa bei ya sokoni, maana mvuvi ambaye umemzalisha mkewe hakubali upite mkono mtupu. Hapa nina chumba na sebule Nyakato kwa 120,000. Mwenye nyumba alitaka miezi sita mkupuo, dalali naye akataka mwezi wake, jumla 840,000 kabla sijatundika pazia. Daladala 600 kwenda, 600 kurudi. Shifti ya jioni ikichelewa kukabidhiana ni bodaboda, 3,000, na jamaa anakuangalia sare anasema "sista unazo."

Swali langu: mshahara mmoja nchi nzima ni haki? Na kama si haki, nani aongezwe, wa mjini anayelipa kodi ya nyumba au wa kisiwani?

Mtu wa hesabu

Mada kama hizi watu huanza kulia kabla hawajashika kalamu. Tuchukue mshahara wa msingi wa 800,000, ni mfano tu, kila mtu aweke wake.

PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 40,000. Kodi ya mapato inakatwa kwenye 760,000 iliyobaki, inakuja 68,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 16,000. Bodi ya Mikopo ya chuo, kama bado unadaiwa, asilimia 15, yaani 120,000. Jumla ya makato 268,000, mkononi 532,000.

Sasa mleta mada, toa kodi yako ya nyumba 120,000 na nauli ya siku 22, 26,400. Umebaki na 385,600. Kisiwani ungebaki na 532,000 yote. Tofauti kwa mwaka ni 1,756,800, zaidi ya mishahara mitatu ya mkononi, na hapo sijagusa bodaboda, maji wala samaki. Kwa lugha nyingine ulijikata mshahara kwa barua uliyoandika mwenyewe.

Na kabla hamjaniletea Mei Mosi ya 2025: ile asilimia 35.1 iliyotangazwa Singida ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 370,000 hadi 500,000. Usiipigie hesabu ngazi yako.

Nesi wa Ukara

Kaka wa hesabu, hesabu zako ni safi, lakini umehesabu vyenye risiti.

Mimi bado niko huku. Sukari, sabuni, gesi, saruji, vyote vinavuka maji, na kila anayevibeba anaongeza chake. Muhogo na dagaa ni rahisi, sikatai, lakini hata dagaa nao ni kwa giza. Mbalamwezi ikikaa juu wavuvi hawatoki na bei inapanda. Mtu anayesema kisiwani hakuna matumizi alikuja kutembea.

Na mtoto? Wangu alipofika darasa la nne nilimpeleka bweni upande wa bara. Kwa hiyo nyumba ya bure ninayo, na ada ya bweni ninayo, na nauli ya kumfuata kila akifunga shule ninayo. Dada, wewe wako unalala naye. Hiyo iingize kwenye jedwali.

Halafu kuna usiku. Zahanati yetu tuko wawili, mwenzangu akiwa likizo niko peke yangu. Mwaka jana mama alijifungua salama saa nane usiku, kisha damu ikakataa kusimama. Dawa nimempa, tumbo nimelikanda mpaka mikono ikafa ganzi, rufaa nimeandika. Ziwa limechafuka. Mwenye boti anasimama ufukweni anaangalia maji, anatikisa kichwa. Hapa kila familia inakumbuka 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka imekaribia kabisa gati la Bwisya na watu zaidi ya 200 wakafa, kwa hiyo sikuweza kumlazimisha. Tulivuka alfajiri. Mama alipona. Asubuhi ileile nikafungua kliniki ya watoto kwa sababu walikuwa wameshapanga foleni.

Bodaboda yako ya 3,000 ningeilipa kila siku kama ingeweza kumfikisha mgonjwa kwa daktari.

Mleta mada

Pole sana dada. Hilo la usiku nimelifanya miaka sita, siwezi kubisha. Ndiyo maana nimeuliza "nani aongezwe" na sijasema niongezwe mimi.

Jirani wa Kisumu

Habari za ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu mfanyakazi wa umma ana posho ya nyumba, na kiasi kinategemea mji. Nairobi iko juu, miji kama Mombasa na Kisumu inafuata, halafu inashuka kadiri unavyoenda mashambani. Kando ya hiyo kuna posho ya mazingira magumu kwa maeneo yaliyoorodheshwa. Yaani hayo mambo mawili mnayogombania nyinyi, sisi tumeyatenga. Moja ni ya gharama ya mji, nyingine ni ya ugumu wa mahali.

Lakini msitamani bure. Karatasi ni kitu kimoja, pesa kuingia ni kitu kingine. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma karibu miezi mitano. Na kila orodha ya maeneo magumu ikitaka kuguswa, hakuna anayekubali kwake kumekuwa rahisi.

Mkongwe wa wodi

Hata Uingereza wanafanya hivyo hivyo. Muuguzi wa serikali pale England alianzia pauni 31,049 kwa mwaka (2025/26) popote alipo, ila wa London ya ndani anaongezewa asilimia 20, London ya nje 15, na pembezoni mwa jiji 5. Kwa hiyo wao wameamua mjini ndiko kugumu.

Vijana mnaokimbilia huko mjue pia kwamba Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Waajiri wa kule hawaruhusiwi kuja kuwasaka nyinyi hapa, mnaomba wenyewe mmoja mmoja. Akija mtu Mwanza na fomu anasema ametumwa na hospitali ya Uingereza na anataka pesa ya "kufungua faili", shikeni pochi zenu.

Wa binafsi

Nimesoma kimya nimeshindwa. Mimi niko hospitali moja binafsi hapa mjini, jina nalihifadhi kwa sababu bado nakula hapo. Mnabishania posho, sisi tunabishania tarehe. Mshahara wa mwezi wa tatu tuliuona mwezi wa tano, nusu. Makato ya NSSF, mfuko wa pensheni wetu wa sekta binafsi, ile asilimia 10 yangu, kwenye salari slipu yanaonekana kila mwezi, nilipokwenda kuangalia michango yangu nikakuta mashimo. Mwenye nyumba haelewi neno "mapato ya hospitali yameyumba". Nikaingia kausha damu, mikopo ya riba kubwa, kulipa kodi, nikatoka humo baada ya mwaka mzima.

Mleta mada, uko Nyakato, unalipwa kwa wakati, una mkataba wa kudumu. Umepanda. Acha utani.

Mama mwenye nyumba

Wanangu, mimi si nesi. Nina vyumba sita Kiseke, wawili wa wapangaji wangu ni manesi, nawapenda, hawapigi muziki. Niseme ukweli ambao hamtaupenda. Posho ya nyumba ikitangazwa redioni asubuhi, mchana dalali ananipigia kuniuliza napandisha kwa kiasi gani. Kama serikali ina hiyo pesa ijenge nyumba, itoe funguo. Funguo siwezi kuipandishia bei.

Mtu wa hesabu

Mama umenizidi kwa hoja moja, na nina digrii ya biashara.

Wa Sengerema

Naongeza kitu kidogo. Mimi sijahama wala mshahara haujabadilika, ila tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 maisha yangu yamebadilika. Zamani kwenda Mwanza ilikuwa kuhesabu foleni ya feri. Ukiikosa, siku imekwisha. Sasa kilometa tatu za maji unazipita kabla hujamaliza simu. Mke wangu anauza vitenge Mwanza na analala nyumbani. Kwa hiyo hili la "mahali pagumu" nalo halikai palepale. Ukimpa mtu posho kwa sababu ya feri, siku daraja linafunguliwa utaifuta? Nani atakubali?

Nesi wa Ukara

Mimi nitakubali. Nileteeni daraja, chukueni posho.

Asiye na ajira

Nina diploma, leseni ya Baraza la Wauguzi ninayo, mwaka wa tatu naenda kujitolea kituo cha afya na nauli ananipa mama anayeuza nyanya Mabatini. Nipeni Ukara kesho asubuhi. Hata nyumba isiwepo, nitapanga kwa mvuvi.

Mkongwe wa wodi

Mdogo wangu, hayo ndiyo tuliyosema wote kabla ya barua ya ajira. Mwaka wa pili utakuja hapa kutafuta mtu wa kubadilishana naye. Sikucheki, nami nilifanya hivyo.

Mleta mada

Nimesoma zote, asanteni. Nilianza mada nikiwa upande wa posho ya mjini. Nimehama kidogo, tena bila kujigharamia.

Ninavyoona sasa, vitu viwili vinachanganywa. Kodi ya nyumba ni gharama ya kazi kama ilivyo sare. Aliyepewa nyumba ya serikali amelipwa tayari, asiyepewa hajalipwa, awe Nyakato au awe Ukara. Wapo wa kisiwani wanaopanga kwa wavuvi pia, nawajua. Kwa hiyo hilo lifuate nyumba, lisifuate ramani, na mama wa Kiseke nimemsikia, bora nyumba kuliko pesa. Kukaa peke yako usiku na mgonjwa anayevuja damu na ziwa limechafuka ni jambo jingine kabisa, halina uhusiano na bei ya chumba. Hilo lilipwe kwa usiku, kwa kituo chenye watumishi wawili au mmoja, na lifutwe siku watumishi wakiongezeka. Sijui nani atakubali kufutiwa, isipokuwa dada wa Ukara aliyejitolea hapo juu.

Wa binafsi, pole, lako si la mjadala huu. Ulichokutana nacho kwenye michango ni kosa la mwajiri. Nenda NSSF na salari slipu zako zote, usiende mikono mitupu.

Nesi wa Ukara

Swali moja kabla hujafunga. Ukiambiwa leo urudi Nansio, nyumba ileile, mshahara uleule, unarudi?

Mleta mada

Mwanangu anaingia darasa la tano Januari, na shule yake anaifikia kwa miguu. Niulize baada ya miaka mitatu.

Juzi nilimpigia yule niliyebadilishana naye nikamuuliza hali ya mihogo. Ameing'oa. Amepanda machungwa, anasema yeye haondoki tena.