Naomba ushauri: kuamini kidogo bila kuliwa tena

Wakuu, tangu nilizwe kwenye upatu wa simu, kila jambo zuri nalitafutia tapeli aliyejificha nyuma yake. Dada yangu ananisisitiza kila usiku niandike mambo matatu yaliyoniendea vizuri. Jana niliandika chai ya tangawizi, na konda aliyenirudishia chenji bila kukumbushwa. La tatu likanishinda, nikafunga daftari.

Nimesoma kwamba mwanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman, na wenzake walilijaribu zoezi hili, wakachapisha matokeo 2005: wiki moja tu ya kuandika, na furaha ilionekana kupanda hata miezi 6 baadaye. Lakini wale walijitolea wenyewe. Mimi nasukumwa na dada!

Niendelee na zoezi hili kwa muda gani kabla ya kusema halinifai? Na mlioumwa na nyoka, mliwezaje kuacha kushtukia kila ung'ongo?