Naomba ushauri: chaja inasoma volti 19.4 lakini betri haijai

Wakuu, habari za leo. Niko Kirumba, Mwanza, naweka hesabu za wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, na laptopu hii ndiyo daftari langu. Tangu juzi betri haijai. Nikichomeka inawaka vizuri, ila asilimia imeganda kwenye 7, na nikichomoa tu inazima. Ikiwa inawaka inaandika kuwa haitambui aina ya chaja.

Nimeazima multimita kwa jirani, fundi redio. Chaja imeandikwa volti 19.5, ampea 3.34. Nikaweka kwenye DC 20, waya mwekundu ukagusa ukuta wa ndani wa ncha, mweusi nje: 19.4. Safi kabisa. Shida ni ile pini nyembamba kama sindano katikati. Namba yake haitulii, inarukaruka kila nikiutikisa waya pale ulipopinda karibu na ncha, na ganda limeanza kupasuka hapo. Najua pini hiyo ndiyo inayoitambulisha chaja kwa laptopu.

Fundi mmoja mjini, hata kipimo hakushika, kasema bodi imeungua na anataka 120,000. Roho imekataa.

Je, nikate waya hapo penye mpasuko niunge upya, au nitafute kwanza chaja ya kuazima ya aina hiyohiyo nijaribu? Na hiyo pini mnaipimaje bila kuigusanisha na ukuta wenye volti 19? Naogopa nisije nikaiunguza bodi kweli. Mwisho wa mwezi umekaribia na hesabu za watu zimo humo.