Kupima mtu anavyotua baada ya kuruka kwa kamera ya simu tu: ni utafiti au najidanganya?

Mguu_Kushoto
Wakuu habari za muda huu. Niko mwaka wa mwisho fiziotherapia na natakiwa kupeleka wazo la utafiti, nimeipenda sana biomekanika (fizikia ya mwili unavyotembea) hasa hili suala la mtu anaruka halafu akitua magoti yanaingia ndani, maana nimesoma linahusishwa na kukatika ACL (kano ya ndani ya goti) kwa wachezaji, hasa wa kike. Plani yangu iko hivi: mchezaji anashuka kutoka kwenye boksi la sentimita 30 hivi, akigusa chini tu anaruka juu kadiri awezavyo, mimi namrekodi kwa simu, halafu programu ya akili mnemba inamchora viungo na kunipa pembe za goti. Nikishajua goti liko wapi kila fremu napata kasi, kwenye kasi napata mchapuko, nazidisha na masi, tayari nina nguvu inayoingia gotini, si ndivyo Newton alivyosema jamani 😅. Sasa mwalimu mmoja kaniambia bila maabara yenye kamera za infraredi na bamba la kupimia nguvu nisipoteze muda wangu, mwingine kasema simu za siku hizi zinatosha kabisa. Nimebaki katikati. Waliopita njia hii nisaidieni, na kama ni ndoto mniambie mapema nitafute mada nyingine.

Bao_la_Tatu
Anza mkuu, usitishwe. Marey kule Ufaransa miaka ya 1880 alimvalisha mtu suti nyeusi yenye mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akampiga picha nyingi mfululizo akitembea, na kazi yake mpaka leo inafundishwa. Hakuwa na infraredi wala nini.

Kipimo_Halisi
Marey hakuwa anadai anajua newtoni ngapi zimeingia kwenye goti, tusimsingizie marehemu.

Mguu_Kushoto, sehemu kubwa ya plani yako iko vizuri, ila ile sentensi ya kasi mpaka mchapuko mpaka nguvu ndiyo itakayokuumiza, ngoja nikuonyeshe kwa namba. Mchapuko kutoka kwenye video unaupata kwa fremu tatu: unachukua mahali pa kwanza, unatoa mara mbili ya pa katikati, unaongeza pa tatu, halafu unagawa kwa muda wa fremu moja uliozidishwa kwa wenyewe. Chukulia kamera ya fremu 100 kwa sekunde. Muda wa fremu ni 0.01, ukizidisha kwa wenyewe ni 0.0001. Sasa programu ikikosea kuweka alama ya goti kwa milimita 1 tu kwenye ile fremu ya katikati, yaani zile mbili za pembeni ziko sawa kabisa, umeshapata mchapuko wa uongo wa mita 20 kwa sekunde kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mvutano wa dunia, na hakuna kitu kimetokea kwenye goti la mtu! Na hapo nimekuwa mpole, hizi programu kosa lake sio milimita, ni sentimita, kwa sababu zinakisia goti lilipo kwa kuangalia nguo na ngozi.

Watu wengi wanadhani dawa ni kuongeza fremu. Wapi, ukienda fremu 240 kosa lilelile la milimita 1 linakuwa mita 115, kwa sababu unagawa kwa namba ndogo zaidi. Ndiyo maana kila maabara inapitisha data kwenye filta, yaani hesabu inayofuta mitetemo ya harakaharaka, kabla ya kukokotoa chochote. Kwa kutembea kawaida watu wanakata kila mtetemo wa zaidi ya hezi 6 hivi (mara 6 kwa sekunde) na mambo yanaenda, ila kutua kutoka kwenye boksi kuna ule mshindo wa ghafla wa mwanzo, ukikata chini hivyo umeufuta mshindo wenyewe uliokuwa unautafuta, ukikata juu unabaki na takataka.

Hata maabara ya gharama haijaepuka hili kabisa, vile vibulungutu vya kuakisi mwanga vinabandikwa kwenye ngozi, na ngozi ya paja inateleza juu ya mfupa sentimita nzima au zaidi mtu akitua. Wanachokuzidi ni bamba la sakafuni, nguvu ya ardhi kwenye mguu wanaipima moja kwa moja, halafu ndiyo wanapanda wakikokotoa kiungo kwa kiungo, kifundo, goti, nyonga.

Dada_Nyonga
Naongezea kwa Kipimo_Halisi, hata ukiwa na bamba, unachokokotoa sio nguvu iliyopo ndani ya kiungo, maana misuli nayo inavuta na kukandamiza mifupa. Wajerumani wa Berlin, timu ya Bergmann, waliweka vihisio ndani ya nyonga bandia zinazotuma data kwa redio, wakakuta mtu akitembea tu kawaida nyonga inabeba zaidi ya mara 2 ya uzito wake, na kuna waliojikwaa bila kupangwa ikapanda zaidi ya mara 7. Kujikwaa tu! Bamba la sakafuni kwenye kutembea linakuonyesha uzito wa mtu na kidogo juu yake, kinachobaki chote ni misuli.

Ila mdogo wangu, mimi wasiwasi wangu uko kwingine kabisa, upo kwenye swali. Hiyo habari ya magoti kuingia ndani ilipata nguvu mwaka 2005, Hewett na wenzake Marekani walipima wachezaji wa kike 205 kwa jaribio hilihili la boksi kisha wakawafuatilia, waliokuja kuumia ACL walikuwa 9, na hao 9 magoti yao yalikuwa yanaingia ndani zaidi. Tisa jamani. Ikaenea dunia nzima kana kwamba ukimwona mtu anatua vile basi umeshatabiri. Mwaka 2016 Krosshaug na timu yake Norwei wakachapisha ya kwao, wachezaji wa kike wa mpira wa mikono na soka zaidi ya 700, na jaribio likashindwa kutofautisha vizuri nani ataumia na nani hataumia. Kwa hiyo ukiandika kwenye wazo lako kwamba utabaini walio hatarini, mtahini aliyesoma atakukamata hapohapo.

Na lingine, Koga na wenzake walichambua video za ACL zikikatika kwenye mechi za kweli, wakakadiria inatokea kama milisekunde 40 baada ya mguu kugusa chini. Simu ikiwa kwenye fremu 30 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 33. Yaani mguu unagusa, fremu moja inapita, goti limeshakwenda.

Bao_la_Tatu
Mmemmaliza mtoto wa watu 😂😂 sasa afanye nini, arudi kwenye dodoso?

Kipimo_Halisi
Hapana bwana, simu ina kazi zake na inazifanya vizuri, tatizo ni kuiuliza isichokijua. Muda inaujua. Mfano urefu wa kuruka, unahesabu muda aliokaa hewani, unauzidisha kwa wenyewe, mara 9.81, gawa kwa 8. Akikaa hewani nusu sekunde ameruka kama sentimita 31. Ukikosea fremu moja kwenye video ya fremu 30 unapata karibu 35, huo ni uongo mkubwa kwa mchezaji, ila kwenye fremu 240 kosa la fremu moja ni nusu sentimita tu. Hapo ndipo fremu nyingi zinakusaidia, kwa sababu hugawi mara mbili kama kwenye mchapuko. Angalia tu atue miguu imenyooka kama alivyoondoka, akikunja magoti kabla ya kugusa anaongeza muda wa hewani na wewe unamwandikia sentimita za bure.

Pembe nazo unaweza, ila ujue kamera moja ya mbele inaona kivuli cha goti tu. Mtu akikunja goti huku paja linageukia ndani, kwa mbele utaona goti limeingia ndani kuliko lilivyo. Ukitaka pande zote tatu kuna mfumo wa chuo kikuu cha Stanford unaitwa OpenCap, unatumia simu mbili au zaidi za iPhone na ubao wa miraba ya kusawazishia, upo bure kwa utafiti.

Mguu_Kushoto
Dah, asanteni sana, nimesoma mara mbili. Basi nguvu naziacha na kutabiri majeraha naacha. Vipi nikiuliza hivi: fiziotherapisti wawili wakipewa video ileile ya mtu akitua, na programu nayo ikapewa, je wanatoa pembe moja? Na huyohuyo akirudi wiki nyingine, tofauti ni ya mtu au ya kipimo?

Dada_Nyonga
Hapo sasa umeongea. Na usidharau, kliniki nyingi zinapima hivi kila siku na hawajawahi kujiuliza tofauti ya nyuzi ngapi ndiyo mabadiliko ya kweli. Hao fiziotherapisti wawili wasiambiane majibu, na video za wiki ya pili zichanganye na za kwanza bila tarehe ili wasijue.

Kipimo_Halisi
Sawa kabisa. Simu iweke kwenye stendi usawa wa goti, umbali uleule, na miguu ya stendi iwekee alama za gundi sakafuni kwa sababu wiki ya pili ukiisogeza kidogo tu utakuwa unapima stendi sio mtu. Mwanga uwe mwingi, slomo (video ya mwendo wa polepole) kwenye giza inatoa ukungu kwenye mguu. Viatu vilevile siku zote mbili. Boksi pia lilelile, na mwambie ashuke, asiruke kwenda mbele, nusu ya watu wanaruka bila kujua.