MREJESHO: Kulazwa wodi ya akili kwa hiari, nimeshatoka
Wakuu, niliuliza hivi: nikienda mwenyewe kulazwa wodi ya afya ya akili hapa Tanga, nitaruhusiwa kutoka nikitaka, au ndiyo nimejifungia? Kaka alikuwa ameshaapa nikikataa ataleta polisi.

Nipo nyumbani. Asanteni mno, hasa yule dada nesi aliyesema kabla ya kusaini uliza unaingia kwa njia ipi. Nikauliza, daktari akaeleza bila haraka. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatenganisha anayeingia kwa hiari na anayeingizwa bila hiari. Wa hiari anaweza kuomba kutoka, lakini wakimwona ni hatari kwake au kwa wengine anaweza kuzuiwa, na hapo anahesabiwa si wa hiari tena. Hili la mwisho hakuna aliyenitajia! Kaka naye aliambiwa ugomvi wa nyumbani peke yake hautoshi kumlaza mtu kwa nguvu. Akanywea.

Kuomba nakala ya fomu kuligonga mwamba. Nilijibiwa faili ni la hospitali. Bora nilikwenda na shangazi, akanisomea kila mstari kabla sijasaini.

Kutoka nako hakukuwa "waja leo waondoka leo" kama tusemavyo Tanga. Nilipoomba, daktari alitaka dozi ikae sawa kwanza, nikakubali shingo upande. Usingizi umerudi. Zile sauti nilizokuwa nasikia kichwani bado huja mara mojamoja, na kliniki naendelea kuhudhuria.